Kinanda cha Mikocheni na Treni ya Alhamisi

Jumatano, 1 Julai 1953. Temeke.

Niliondoka Bukoba tarehe 3 Septemba 1922. Leo ni miaka thelathini, miezi tisa na siku ishirini na nane. Nimehesabu mara mbili. Jana nimestaafu ukarani wa ghala la reli. Wamenipa saa ya mezani na pasi ya kurudi kwetu, mimi na mke wangu. Pasi ya kwenda tu. Saa haitembei.

Barua ya mdogo wangu Adelard imefika leo hii hii. Ukoo utakaa Jumanne, tarehe 4 Agosti, kugawa kibanja cha marehemu baba, yaani shamba la migomba lenye nyumba yake na kaburi lake. Wazee wamekata shauri kuwa asiyefika kwa miguu yake amekataa. Nisipofika, kinakwenda kwa binamu yangu Leodegar. Leodegar anafuga mbuzi. Atawafunga kaburini.

Treni ni ya Alhamisi, tarehe 30. Inakutana na meli Mwanza, tunashuka Bukoba Jumatatu. Treni inayofuata inatufikisha Ijumaa, ukoo umeshatawanyika. Kwa hiyo ni hiyo.

Auleria, mke wangu, amesoma barua akiwa amesimama, kisha ameanza kufunga vyombo. Nimemwambia zimebaki siku ishirini na tisa. Amesema anajua.

Siku ishirini na tisa zinatosha. Sikumwambia zinatosha kwa ajili ya nini.

Nieleze, ingawa daftari hili halisomwi na mtu. Kinanda cha mabomba si kile cha kukanyaga kwa miguu kilichoko kigangoni kwetu, kinachokohoa. Kina mabomba ya bati na ya mbao, mengine marefu kuliko mtu, na nyuma yake anasimama mtu wa pili kusukuma mivukuto ili kipate upepo. Nilikisikia nikiwa na miaka kumi na miwili, nje ya dirisha la misheni. Tangu siku hiyo nimesikiliza vinane, nimesoma vitabu vitatu juu yake, na nimenunua benchi la mpigaji mnadani, bila kinanda. Auleria analiwekea ndoo za maji. Sijawahi kuketi mbele ya kinanda cha mabomba hata kimoja nikapiga.

Nitapiga kabla ya treni.

Jumapili, 5 Julai.

Matembezi ya familia, Mbagala. Mimi, Auleria, na binti yetu Jovina, ambaye anasomea uuguzi mjini na ana Jumapili moja tu ya mapumziko kwa mwezi. Niliwaambia tunakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Habari za Mbagala nilizipata kwa Ansbert. Ansbert ndiye mpiga kinanda wa kigango chetu. Alichukua nafasi yangu mwaka juzi, akidai napiga polepole mno hata watoto wanaobatizwa wanakua wakingoja. Juzi alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kuwa Mbagala kuna kanisa lenye kinanda cha mabomba kumi na manane. Nilishangaa ametoa wapi moyo mwema.

Tumetembea saa mbili na nusu kwenye mchanga. Mabomba yapo kumi na manane, hesabu ni sahihi. Yamechorwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao. Nyuma ya ubao kuna kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na ndani yake kuku anaatamia.

Jovina aliuliza kama mgonjwa mwenyewe ni yule kuku.

Jumatano, 8 Julai.

Mwinshehe amenipa neno zito. Mwinshehe ni mwenye nyumba wetu na fundi seremala, Mzaramo aliyezaliwa hapa Temeke kabla hapajaitwa mtaa. Anasema Mikocheni, katikati ya shamba la minazi, kuna kanisa dogo alilojenga mwenye shamba wa zamani. Alikwenda kutengeneza mlango. Ameona ndani mabomba yamesimama kama askari, na nyuma yake mpini mrefu wa kusukuma.

Nilimuuliza kama yamechorwa. Amesema aligonga moja kwa nyundo likalia. Nimeumia kusikia nyundo.

“Karani,” akaniambia, “nyie watu wa ndizi mna shida gani? Mtu anastaafu anatafuta kivuli, wewe unatafuta bomba.”

Nikamuuliza Jumapili ana kazi gani.

Jumapili, 12 Julai.

Matembezi ya familia, Mikocheni. Kupunga upepo wa bahari, nilimwambia Auleria; Jovina yuko kazini, na Mwinshehe alituonyesha njia akarudi. Auleria alibeba chai na mihogo ya kuchemsha. Bahari haikuonekana. Auleria alitandika kitambaa chini ya minazi, akaketi akitazama juu, nazi zisije zikamwangukia.

Kinanda kipo, na ni cha kweli. Mabomba mia moja na arobaini, safu tatu, makubwa ni ya mbao. Nilisimama mbele yake na kofia mkononi. Nilitaka kumwonyesha mtu. Hakukuwa na mtu.

Hapo akaja Filomena. Ni mtunza kanisa, mwanamke wa makamo kutoka Mahenge, na ufunguo wa kinanda unaning'inia shingoni pamoja na msalaba. Akasema Tumsifu Yesu Kristo, nikajibu Milele amina, nikaomba kuketi dakika tano. Akasema hapana. Kinanda hiki hupigwa kwa ndoa, kwa jubilei ya ndoa na kwa mazishi. Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa vinanda kutoka serikalini. Akaniomba barua ya serikali. Nikamwonyesha pasi ya reli. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akaniambia safari njema.

Jumatatu, 13 Julai.

Nimepima njia zote tatu.

Ndoa: Jovina hana mchumba. Nilimwandikia kumuuliza kama anaweza kupata mmoja kabla ya tarehe 30. Hajajibu.

Mazishi: Ansbert ana afya nzuri.

Jubilei. Nikashtuka. Mimi na Auleria tulifunga ndoa tarehe 4 Februari 1928. Miaka ishirini na mitano imetimia Februari iliyopita, ikapita kimya, hakuna aliyekumbuka. Nilimwendea jikoni nikamwambia nataka tubarikiwe jubilei yetu kabla ya kuondoka pwani, katika kanisa zuri la Mikocheni. Aliacha kukatakata mchicha. Alisema Februari alipika pilau siku hiyo, akaona nakula bila kuuliza sababu, akanyamaza.

Ilikuwa pilau nzuri, nakumbuka.

Amefurahi sana. Nimejisikia vibaya kama dakika kumi.

Jumatano, 15 Julai.

Filomena amekubali. Padre naye amekubali kuja kutoa baraka, lakini siku pekee aliyo nayo ni Alhamisi, tarehe 30, saa nane mchana. Treni inaondoka saa kumi na moja jioni. Baraka nusu saa. Wimbo wa kutokea, aya tano, dakika sita. Lori la Salumu, ndugu yake Mwinshehe, litatungoja mlangoni na mizigo juu, liondoke saa kumi kasorobo. Kunabaki saa nzima na zaidi ya bure.

Auleria aliuliza kama hakuna siku nyingine. Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi. Ameitazama muda mrefu, jinsi anavyotazama samaki wa jana.

Jumamosi, 18 Julai.

Nimepata kibali cha kusafisha mabomba. Nyigu wamejenga ndani kwa udongo. Mwinshehe alikuja nami. Kabla hajaingia aliuliza kama kusukuma mivukuto ni kusali. Nikamwambia ni kazi. Akasema kazi hajawahi kuikataa, ila mkewe Hamisa asiambiwe kabla hajamweleza mwenyewe.

Nimemfundisha. Sukuma chini, hesabu nne, achia, hesabu nne. Anajua vizuri sana. Filomena alikaa kwenye kiti saa tatu nzima akinitazama, ufunguo mkononi. Nilitoa madongo ya nyigu ndoo mbili. Sikuruhusiwa kugusa hata kibao kimoja cha kupigia.

Jumanne, 21 Julai.

Pigo. Jioni Auleria alinieleza mambo yatakavyokuwa. Tutapiga magoti mbele ya padre, yeye kulia, mimi kushoto. Na ili mambo yawe ya heshima, amekwisha mwomba Ansbert aje kupiga kinanda.

Katika hesabu zangu zote sikuwa nimeona kuwa bwana arusi hawezi kuwa mpiga kinanda.

Nikamwambia pengine nipige mimi na yeye apige magoti peke yake. Akaniuliza atabarikiwa pamoja na nani, na ndoo?

Ansbert amenipongeza. Alisema ni fahari kwake kumpigia mzee wake. Alitamka neno mzee mara tatu.

Jumamosi, 25 Julai.

Nimekwenda Mikocheni kuangalia nyigu kama wamerudi. Filomena alipotoka kufukuza mbuzi nilibadilisha mabomba mawili yanayofuatana, moja nikaliweka mahali pa mwenzake. Yanalingana karibu kabisa kwa macho. Ansbert akianza tu wimbo utapinda. Ataona haya, ataondoka. Mimi nitainuka kutoka magotini, nitapiga wimbo wa kutokea nikiyaruka yale mawili, na kila mtu atasikia tofauti.

Namba za mabomba nimeziandika kwenye kikaratasi. Nimekiweka ndani ya vitabu vyangu.

Jumatano, 29 Julai.

Nyumba tupu. Mwinshehe amepewa meza na kitanda. Auleria alizunguka mtaa mzima kuaga. Kwa kila nyumba alikaa, alikula. Amerudi amechoka, akafagia chumba ambamo hatutalala tena, pembe kwa pembe.

Jioni aliniuliza kama kwenye kibanja bado kuna ule mgomba aliowahi kuuandika Adelard, ulioinama juu ya kaburi la baba. Sijui. Nilipoondoka baba alikuwa hai. Nilimwambia upo.

Ijumaa, 31 Julai.

Nitaandika kwa utaratibu.

Padre alifika jana saa nane na dakika kumi. Kanisa lilikuwa limejaa: kwaya ya kigango, Jovina, na nje mlangoni Hamisa na wanawake wa mtaa wetu waliokuja na lori. Mwinshehe nyuma ya kinanda, shati amevua. Ansbert kwenye benchi, na tai.

Akaanza wimbo wa kuingilia. Noti ya nne ikapinda. Akatazama vidole vyake. Akaanza upya, ikapinda palepale. Jasho likamtoka hadi kwenye tai. Mara ya tatu akainuka, akamnong'oneza padre kuwa tumbo limemkamata, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilimsikitikia kwa nusu dakika.

Baraka ikatolewa bila muziki. Niliitika pale ilipotakiwa. Auleria mkono wake ulikuwa baridi. Padre akasema inasikitisha hakuna wimbo wa kutokea. Nikainuka.

Hapo nikakumbuka vitabu vimo sandukuni, sanduku lipo juu ya lori, na shangazi yake Hamisa amekaa juu ya sanduku. Namba za mabomba sizikumbuki.

Nikaketi hivyo hivyo.

Sitaweza kueleza vizuri. Nilibonyeza, na sakafu ikaingia miguuni mwangu. Miaka arobaini na mitatu. Aya ya kwanza nililia kidogo, noti mbili zikapinda, sikujua ni zipi maana nilikuwa nalia. Aya ya pili nikaanza kuzitafuta.

Mwinshehe kwa aya ya kwanza alihesabu nne kama nilivyomfundisha. Aya ya pili alichoka. Mwili wake ukajitafutia njia unayoijua. Alianza kusukuma kwa mwendo wa mdundiko, ngoma ya kwao, ile ambayo ikipita mtaani mtu huacha chungu jikoni akaifuata. Wimbo wa kanisa ukawa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea. Nilimwambia hesabu. Akasema anahesabu.

Nje Hamisa akapiga kigelegele. Wakapanga mstari. Kwaya ya kigango, watu niliowafundisha mwenyewe kusimama wima, wakatoka nje mmoja mmoja. Padre akatoka kuona kuna nini. Hakurudi.

Auleria aliniita mara ya kwanza mwisho wa aya ya tano. Nikamwambia aya moja tu. Nikaanza wimbo tangu mwanzo, maana nilikuwa nimelipata bomba moja, bado moja. Akaniita mara ya pili kutoka mlangoni. Nikamwambia nakuja.

Mara ya tatu alikuja mpaka kwenye benchi.

“Baba Jovina, lori limewashwa.”

Nikamwambia bado bomba moja.

“Pasi ninayo mimi.”

Nikamwambia vizuri, aishike vizuri.

Akasimama kando yangu aya nzima, mkoba kifuani. Nilifikiri ataninyanyua kwa sikio. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, “Unapiga vizuri. Nilikuwa sijui.”

Akatoka.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Ni wazi kuwa nilirudia wimbo mara saba nyingine.

Upepo ulipokatika nilidhani mivukuto imepasuka. Ni Mwinshehe aliyeachia mpini. “Karani,” akasema, “watu wamekwisha.” Kanisa lilikuwa tupu. Filomena peke yake alikuwa amekaa nyuma, anasali au amelala. Saa ya Mwinshehe ilikuwa kumi na nusu.

Filomena alituazima baiskeli ya kanisa. Mwinshehe alikanyaga, mimi nyuma, kofia mkononi. Tulipofika Kinondoni barabara ilikuwa imezibwa na mdundiko. Ulikuwa wetu. Ulikuwa umekua njiani, watu wengi nisiowajua, ngoma za kweli zimeshapatikana, na mwisho wa mstari padre na mwavuli wake. Hawakutupisha. Waliona bwana arusi, wakamwinua.

Nilifika stesheni saa kumi na mbili kasorobo. Treni iliondoka saa kumi na moja kamili. Nimeitumikia reli miaka thelathini, siwezi kuilalamikia kwa kuondoka kwa wakati.

Jovina alikuwa kwenye benchi la abiria. Alisema mama alipanda mapema, akaweka kikapu kwenye kiti cha pembeni yake mtu asikae. Kila aliyeuliza aliambiwa kina mwenyewe. Treni ilipoanza kutembea kikapu kilikuwa bado pale.

Nikamuuliza Jovina kama mama alisema neno.

“Alisema ule chakula, baba.”

Nimelala kwa Mwinshehe, kwenye kitanda nilichompa juzi. Nina suti ya jubilei na benchi la kinanda, lililokosa nafasi kwenye lori. Vingine vyote vinapita Tabora.

Jumatano, 5 Agosti.

Jumatatu nilipeleka simu ya maandishi kwa Adelard: NIMECHELEWA HESABUNI NIMEFIKA.

Jibu limekuja leo: UMEHESABIWA HUKUFIKA.

Mwinshehe ameomba kusomewa mara mbili. Alisema mdogo wangu ni mtu wa maneno machache, labda mimi nilichukua ya wote wawili.

Jumapili, 16 Agosti.

Barua ya Auleria. Kurasa nne, mwandiko wake.

Ukoo ulikaa kama ulivyosema. Jina langu likaitwa mara tatu, likafutwa. Kibanja kikatamkwa kuwa cha Leodegar. Ndipo Auleria akasimama, mbele ya wazee kumi na mmoja, akauliza walisema asiyefika kwa miguu yake, au walisema mwanamume asiyefika. Yeye amefika, waitazame miguu yake. Wakabishana toka asubuhi mpaka mchana. Leodegar alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwisho wamemkatia Auleria nyumba ya baba, migomba inayoizunguka na kaburi, mpaka atakapokufa. Leodegar amepata upande wa bondeni, na mbuzi wake wakae hukohuko.

Mgomba wa kaburini haupo. Amepanda mwingine.

Anasema asubuhi ukungu unashuka mpaka kizingitini, na majirani wanamletea kahawa ya kutafuna. Anasema hakukasirika, au alikasirika mpaka Dodoma tu. Nyumba ina vyumba vitatu na anatumia kimoja. Meli inakuja kila wiki. Neno la mwisho la barua ni Njoo.

Nimeiweka ndani ya shati.

Sasa mambo ya hapa. Filomena amemkataza Mwinshehe asiguse mivukuto tena. Desemba kuna harusi Mikocheni, na mpiga kinanda ni Ansbert, tumbo lake limepona. Filomena anatafuta mtu mzima, mtulivu, mwenye kuhesabu vizuri, wa kusukuma upepo. Nimekwenda jana. Amenipa kazi.

Nina shauri, nimelifikiria usiku kucha na halina kasoro. Mwenye upepo ndiye mwenye wimbo. Aya ya tatu nitaachia mpini. Kinanda kitanyamaza, Ansbert ataaibika, atatoka kwa mlango wa pembeni, na mimi nitazunguka mbele na kuketi. Nani atasukuma mivukuto wakati mimi nimeketi, hilo nitalitazama ikifika Novemba.

Bomba la pili nimelipata. Lilikuwa la kushoto.

Nimemjibu Auleria kuwa nitakuja baada ya Krismasi, kuna shughuli ndogo ya kanisa inanishika. Nimeandika vizuri, kwa wino, na nimemsalimu kila mtu kwa jina. Mwinshehe ataitia posta kesho.

Humu hakuna wa kudanganya. Sitarudi Bukoba.